Kabla Hujapanda Ndege Kwenda Kusaidia Kwenye Maafa

Picha za mafuriko au tetemeko zikishaanza kuzunguka kwenye simu, maswali huja mfululizo kwetu sisi tunaochagua wasaidizi wa kupeleka kwenye maafa. Mimi ni muuguzi, mimi ni fundi umeme, mimi nina nguvu zangu tu. Nataka kwenda, nianzie wapi? Jibu letu huwaudhi wengi: kama ndiyo unaanza leo, kwa maafa haya umeshachelewa. Jiandae kwa yatakayofuata.

Si ukali wa bure. Tetemeko la Haiti la Januari 12, 2010 lilivuta wasaidizi kutoka kila pembe, na baadhi ya timu za tiba zilifika bila vifaa vya kutosha wala kujiandikisha popote. Zilipoondoka, wagonjwa waliofanyiwa upasuaji walibaki bila wa kuwafuatilia. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliweka viwango vya timu za tiba za dharura mwaka 2013. Timu inayokubalika hujisajili kwa serikali ya nchi husika, huonyesha leseni za watu wake, na huja na chakula chake, maji yake, mahema na mafuta ya jenereta.

Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko, Haiti ikapata kipindupindu, ugonjwa ambao haukuwa na kumbukumbu huko kwa karne nzima. Uchunguzi ulionyesha kuwa vimelea viliingia mto Artibonite kutoka kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Waliokufa wanakaribia 10,000, na Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliomba radhi mwaka 2016. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone; Haiti mgeni ndiye aliyeleta maradhi. Kwa hiyo ukiwa na homa au tumbo la kuendesha siku ya safari, hausafiri, hata kama tiketi imeshalipwa.

Tuje karibu na nyumbani. Kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia Machi 15, 2019. Barabara kuu ya kuingia mjini ilikatika, msaada ukategemea uwanja wa ndege, na helikopta zilikuwa zikiokoa watu waliokwama juu ya mapaa na miti. Katika hali hiyo, mtu aliyejileta mwenyewe anahitaji pa kulala, maji ya kunywa na usafiri, vitu vilevile ambavyo wenyeji hawana. Kwa hiyo usiende peke yako. Jiunge mapema na Msalaba Mwekundu wa nchi yako au shirika lililosajiliwa, fuata mafunzo yake, shiriki mazoezi ya uokoaji ya hapahapa wilayani kwako. Tunapochagua wa kwenda nje, anayejua kuendesha ghala, kutibu maji au kujaza fomu za mapokezi bila makosa mara nyingi hutangulia mbele ya mwenye shauku kubwa.

Chanjo ndizo zinazoonyesha vizuri kwa nini maandalizi hayasubiri maafa. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi tatu, kwa kawaida ndani ya miezi sita. Ratiba kamili ya ile ya kipindupindu inayotumika sana kwenye kampeni ni dozi mbili zinazopishana wiki mbili au zaidi. Sasa hesabu: Beira ilitangaza kipindupindu Machi 27, siku 12 tu baada ya kimbunga, na chanjo kwa wananchi ikaanza Aprili 3. Pepopunda, homa ya matumbo na kadi ya homa ya manjano navyo viwe tayari.

Kuhusu malaria, sisi wa Afrika Mashariki tuna ujeuri wetu: nimezaliwa nayo, itanifanya nini? Kinga ya utotoni hufifia, hasa kwa aliyekaa miaka mingi Nairobi, Arusha au Ulaya. Muulize daktari dawa ya kinga inayokufaa. Doksisaiklini, kwa mfano, humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari hadi wiki nne baada ya kurudi. Wengi huiacha wanaposhuka ndege, na hapo ndipo malaria inapowashika.

Lugha nayo usiichukulie poa. Beira watu huongea Kireno, Kindau na Kisena. Kiswahili chako hakitakufikisha mbali. Pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, iliyopigwa na Kimbunga Kenneth Aprili 25, 2019, ni habari nyingine, maana huko utapata wa kuzungumza naye Kiswahili.

Leseni yako ya uuguzi au udaktari haivuki mpaka yenyewe. Kibali hutolewa na mamlaka ya nchi unayokwenda. Hakikisha bima inagharamia kukurudisha nyumbani ukiumia. Ruhusa ya mwajiri iwe ya maandishi, na nyumbani waachie namba ya ofisi ya shirika, kwa sababu mtandao huwa haupo. Picha za waathirika hazipigwi bila ridhaa yao. Kuomba ngono kwa kubadilishana na msaada ni kosa la kufukuzwa kazi, na kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2003 zinakataza ngono na aliye chini ya miaka 18, sheria ya mahali iseme inavyosema.

Ukirudi, omba siku kadhaa kabla ya kuingia kazini. Usingizi ukikataa kwa wiki kadhaa, au ukijikuta unafoka ovyo, mwone mshauri nasaha. Homa ikikupata ndani ya miezi mitatu, nenda kapime malaria siku hiyohiyo na umweleze daktari ulikotoka.