Tuta sio adhabu, ila la kujijengea usiku ni kosa

Siku hizi simu za ofisini kwetu, sisi wa mambo ya barabara, ni za aina mbili tu: mmoja anataka tuta la kupunguza mwendo leo leo mbele ya shule, mwingine anafoka kwa nini leni zimepunguzwa wakati foleni imejaa.

Nianze na wa leni. Foleni ya Dar mara nyingi inazaliwa kwenye makutano, sio katikati ya barabara, kwa hiyo ukipanua katikati bila kugusa makutano umeongeza sehemu ya kusubiria tu. Morogoro Road tangu mabasi ya mwendokasi yenye njia zake yaanze 2016 watu bado wanasema leni zao zimeibiwa, basi moja refu linabeba abiria zaidi ya 100, we kwenye gari lako uko na nani?

Sasa mfikirie mama anavuka na mtoto mkononi, anatembea kama mita 1 kwa sekunde. Leni nne za mita 3.5 ni mita 14, yaani sekunde 14 yuko kwenye lami. Gari la spidi 50 linakula karibu mita 14 kila sekunde, maana yake gari lililokuwa mita 190 huko, ambalo alipoanza kuvuka hata hakulihesabu, linamkuta bado hajamaliza. Zikiwa leni mbili ni sekunde 7 tu. Ndiyo maana tunapunguza leni, hatuwakomoi madereva.

Matuta. Jamani, tuta sio zege limemwagwa usiku! Hilo la usiku halina rangi, halina kibao, bodaboda anapaa nalo halafu mnasema barabara mbovu. Kuchimba au kujenga kitu kwenye barabara bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Barabara ya 2007, hata kama mmechangishana kwa nia njema, na tunalivunja.

Utaratibu upo. Kwanza jua barabara ni ya nani, wakala wa barabara ni wawili: barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, za mtaani na wilayani ni TARURA, msituchanganye. Andikeni barua ipitie serikali ya mtaa, mtendaji aigonge muhuri, mtaje eneo lenyewe na shida yenyewe, injinia aje apime. Picha ya WhatsApp sio barua. Na kuna sehemu atasema hapa tuta halifai, zinatosha rasta (vile vituta vidogo vidogo vya kutikisa gari) au zebra, msikasirike.

Halafu tukishalijenga, usije mwezi unaofuata kuomba liondolewe eti gari lako ni la chini.