Kitufe cha "Sport" hakigusi springi

Wengi wetu huamini kwamba ukibonyeza kitufe cha "Sport" kwenye gari lenye shokapu za kielektroniki, springi zinakazwa. Si ajabu, maana mwili unahisi kabisa gari limekuwa gumu.

Katika mengi ya magari hayo springi ni za chuma na hazibadiliki. Kazi yake ni kubeba uzito. Kinachobadilika ni shokapu. Ndani yake pistoni husukuma oili ipite kwenye vitundu vidogo, na vali ya umeme huvibana au kuvipanua; vikibanwa, oili hupita kwa shida na gari huhisi gumu. Sensa hupima mitikisiko ya bodi na magurudumu, kompyuta nayo hurekebisha vali ndani ya milisekunde chache, hata kabla hujamaliza kuvuka tuta. Zipo pia shokapu zenye oili iliyochanganywa na chembechembe za chuma, ambayo hugeuka nzito ikipitiwa na nguvu ya sumaku.

Jipimie mwenyewe. Egesha mahali tambarare, pima kutoka ukingo wa fenda hadi chini, bonyeza kitufe, upime tena. Kimo kikibaki kilekile, springi hazikuguswa. Gari lenye mifuko ya hewa badala ya springi za chuma ni habari nyingine: hilo huweza kweli kupanda na kushuka.