Chen, Chan, Tan: kabla ya kumwita mtu tapeli, uliza herufi

Kwa miezi kadhaa sasa dawati letu la tafsiri na uhakiki wa nyaraka limekuwa likipokea malalamiko yanayofanana kama mapacha. Mfanyabiashara wa Kariakoo ameagiza mashine. Ankara iliyotoka Hong Kong ina jina la Bwana Chan, leseni ya kiwanda cha mtu huyohuyo kule Shenzhen inasema Chen, na benki imezuia malipo. Mama ana mtoto ambaye baba yake ni Msingapore. Cheti kinasema Tan, mfasiri wa mtaani ameandika Chen, na shule haijui ifuate lipi. Barua hizi huja na hasira, na mstari wa mwisho karibu kila mara ni uleule: huyu ni tapeli, tusaidieni.

Matapeli wapo na hatumtetei yeyote. Lakini mengi ya mafaili haya tunayafunga bila kuona jinai ndani yake. Tunachokuta ni jina moja la ukoo lenye umri wa miaka elfu tatu hivi, lililopita kwenye ndimi nyingi kabla ya kufika kaunta yetu. Tunalieleza hapa jina hilo moja, kwa kuwa aliyelielewa hatasumbuka sana na mengine. Maelezo haya ni ya elimu kwa umma. Si uthibitisho wa nasaba ya mtu yeyote, na tunaomba yasiambatishwe kwenye mashauri ya mirathi, jambo ambalo limewahi kufanyika kwa makala yetu nyingine.

Kwanza, Chen si cheni. Tumeona kibali kilichoandikwa "Bw. Cheni", na karani aliyekiandika alitueleza kwa kujiamini kabisa kwamba ndivyo linavyotamkwa. Mkufu haumo kwenye habari hii. Jina lenyewe ni herufi moja ya Kichina, 陳, ambayo China bara huiandika kwa ufupi 陈. Mchina akijitambulisha kwa mwenzake husema "Chen ya sikio na mashariki", kwa sababu upande wa kushoto wa herufi unafanana na sikio na ule wa kulia ni neno mashariki. Kwa kweli sehemu ile ya kushoto ni kilima wala si sikio, ila mazoea yameshinda.

Kama neno la kawaida, herufi hiyo ina maana ya kutandaza vitu vionekane, kuvipanga mbele ya watu. Ina maana nyingine pia, ya kitu kilichokaa muda mrefu, kilicholala. Siki maarufu ya Shanxi, inayoachwa ikomae miaka, hubeba neno hilohilo. Kuna watu huchukua maana hizo kwenye kamusi ya simu wakahitimisha kwamba familia ya Chen ilikuwa ya wachuuzi, au ya wauza siki. Sivyo. Hapa Chen ni jina la mahali, kama mtu anavyoitwa Mbarawa kwa kuwa wazee wake walitoka Barawa.

Mahali penyewe ni Huaiyang ya leo, mkoani Henan, katikati ya China. Mnamo mwaka 1046 KK hivi, mfalme Wu wa Zhou aliwaangusha watawala wa Shang, na kama washindi wengi alitaka aonekane mrithi halali wa enzi za wahenga. Akamtafuta mzao wa Shun, mfalme mwema wa masimulizi ya kale. Aliyepatikana aliitwa Man, wa ukoo wa Gui, ambaye baba yake alikuwa msimamizi wa wafinyanzi wa Zhou. Mfalme alimwoza binti yake mkubwa, akampa na ardhi ya Chen aitawale na kuendeleza matambiko ya Shun. Habari za Shun zichukuliwe kama masimulizi. Man yumo kwenye maandishi ya kale, na vitabu vya nasaba vya akina Chen huanzia kwake.

Hapa panahitaji utulivu kidogo, maana ndipo wengi wanapopotea. Wakati ule Wachina wakubwa walikuwa na majina mawili ya asili. La kwanza, xing, lilikuwa la damu, na majina mengi ya kundi hili yana alama ya mwanamke ndani ya herufi yake: Ji, Jiang, Yao, na huyo Gui wa Man. Wataalamu wengi huiona alama hiyo kama kumbukumbu ya zamani ambapo ukoo ulifuata upande wa mama. Mluguru hahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. La pili, shi, lilikuwa la tawi, na lilitokana na ardhi, cheo au kazi. Mtu aliweza kubaki na damu ya Gui huku tawi lake likiitwa Chen. Xing ndiyo iliyoamua nani asioane na nani, na shi ilionyesha hadhi. Enzi za Qin na Han, kuanzia karne ya 3 KK, tofauti hiyo ilififia na mawili yakawa jina moja. Kwa hiyo Chen ya leo inaitwa xing, ingawa kwa asili ni shi.

Dola la Chen lilikuwa dogo na majirani zake walikuwa wakubwa. Mwaka 672 KK mwana wa mtawala wake, Wan, alikimbia vurugu za ikulu akaenda dola la Qi, upande wa Shandong. Wazao wake wakajulikana kwa jina la Tian, wakakua ndani ya nyumba ya watu hadi mwaka 386 KK wakatambuliwa rasmi kuwa watawala wa Qi yenyewe. Nyumbani, Chen ilikuwa imeshamezwa na dola la Chu katika karne ya 5 KK. Raia na watoto wa watawala waliobaki wakaling'ang'ania jina la nchi iliyopotea. Ndiyo maana vitabu vya nasaba huwahesabu Chen na Tian, pamoja na matawi ya Hu na Yuan, kuwa ndugu. Watu wanaotuuliza kwa nini Bwana Tian anamwita Bwana Chen ndugu yake, jibu ni hilo, na si lazima mabwana hao wawe wanaficha ubia.

Je, kila Chen ni mzao wa Man? Hapana. Mwaka 496 BK mfalme Xiaowen wa Wei ya Kaskazini, ambaye watu wake walikuwa Waxianbei wa nyika za kaskazini, aliamuru majina yao marefu yabadilishwe yawe ya Kichina, na ukoo ulioitwa Houmochen ukawa Chen. Wengine waliingia kwa kulelewa, wengine kwa kujificha. Mfano wa karibu kabisa ni Jackie Chan, ambaye vibanda vyetu vya video vimemlisha kizazi kizima. Chan yake ni herufi hii hii ya Chen. Lakini baba yake, mtu wa mkoa wa Anhui, kwa asili alikuwa wa ukoo wa Fang, akabadili jina alipokimbilia Hong Kong. Jackie Chan ni Chen kwa nyaraka na Fang kwa damu, na yote mawili ni kweli.

Taarifa za Wizara ya Usalama wa Umma ya China huliweka Chen la tano kwa wingi, nyuma ya Wang, Li, Zhang na Liu, likiwa na zaidi ya watu milioni 60. Ni kama idadi ya Watanzania wote. Kwa hiyo tunaomba, kwa heshima, barua zinazosema "huyu Chen ni ndugu wa yule Chen aliyenidhulumu mwaka juzi" zipungue.

Ukubwa huo una historia yake. Katika wilaya ya De'an, mkoani Jiangxi, palikuwa na jamaa ya Chen iliyoishi bila kugawana mali kwa zaidi ya miaka mia tatu, chungu kimoja, maelfu ya watu. Inasimuliwa kwamba hata mbwa wao mia moja walikula pamoja, na mmoja akichelewa wengine walisubiri. Mwaka 1062 mfalme Renzong aliamuru wagawanywe, wakatawanywa sehemu nyingi za China. Mahakama ya kifalme haikupenda kaya kubwa kuliko wilaya. Kabla yao alikuwepo Chen Shi wa Yingchuan (104–187), aliyeona mwizi amejificha kwenye boriti ya dari. Badala ya kupiga mwano akawaita wanawe na wajukuu, akawaambia kwamba hakuna anayezaliwa mbaya, tabia ndiyo inayomfikisha mtu pabaya, kama huyo bwana muungwana pale juu. Mwizi akateremka akaomba radhi. Hadi leo Kichina humwita mwizi "muungwana wa kwenye boriti", na akina Chen wa Kusini mwa China na Nanyang, yaani Asia ya Kusini-Mashariki, huandika Yingchuan juu ya milango na makaburi yao.

Wafanyabiashara wetu waendao Guangzhou wamepita chini ya historia hii bila kuinua macho. Kituo cha metro cha Chenjiaci kimepewa jina la jumba lililokamilika mwaka 1894 kwa michango ya akina Chen wa wilaya 72 za Guangdong. Vijana wao walifikia hapo walipokuja mjini kujiandaa na mitihani ya serikali. Sasa ni makumbusho.

Turudi kaunta. Herufi 陳 husomwa Chen kwa Kichina sanifu, Chan kwa Kikantoni, Tan kwa watu wa kusini mwa Fujian na Chaozhou, na Chin kwa Wahakka. Vietnam huisoma Trần, jina la nasaba ya wafalme waliotawala mwaka 1225 hadi 1400. Korea huisoma Jin. Tajiri wa zao la mpira wa Singapore, aliyezaliwa Jimei mwaka 1874 na kuanzisha Chuo Kikuu cha Xiamen mwaka 1921, huandikwa Tan Kah Kee kwa wenzake na Chen Jiageng mjini Beijing. Hakuwa na majina mawili. Nyaraka za wakati wa ujenzi wa reli ya Uhuru huweza kuonyesha Ch'en, yenye alama ya mkato, kwa kuwa China ilianza kutumia maandishi ya pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, rasmi kwa nchi za nje tarehe 1 Januari 1979.

Na kinyume chake: maandishi sawa si lazima yawe ukoo mmoja. Tan wa Beijing mara nyingi ni 譚, ukoo mwingine kabisa. Cheng yenye g mwishoni si Chen. Anson Chan, aliyekuwa katibu mkuu wa serikali ya Hong Kong, huandikwa Chan Fang: Chan ni la mumewe, Fang ni la kwao. Fang hiyo ni 方, ya baba yake Jackie Chan ni 房. Koo mbili.

Huo mtindo wa Hong Kong wa kuunganisha usiwachanganye. China bara mke habadili jina, na pasipoti yake kutokuwa na Chen hakumaanishi ndoa ni bandia. Tumelisema hili mara nyingi. Jina la ukoo huja mwanzo: mwanahisabati Chen Jingrun ni Bwana Chen, wala "Jing" si jina la kati. Fomu zetu zina nafasi tatu. Ya kati iachwe wazi, isijazwe kwa kupasua jina la mtu. Kuhusu watoto, Kanuni ya Kiraia ya China iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, kifungu cha 1015, inamruhusu mtoto kufuata jina la baba au la mama. Jina jingine ni kwa sababu maalumu, kama jina la babu au bibi wa damu au la mlezi. Wazazi wa Jinan waliomtungia binti yao jina la ukoo kutoka kwenye mashairi walishindwa mahakamani mwaka 2015.

Mwenye tofauti ya maandishi kati ya nyaraka mbili alete nakala za nyaraka zote mbili zikionyesha herufi za Kichina, kurasa zote, si ule wenye picha peke yake. Nakala iwe ya rangi. Mhuri wa wakili usigongwe juu ya herufi, maana tukishindwa kuzisoma tutairudisha. Tafsiri ibakize maandishi ya Kilatini kama yalivyo kwenye pasipoti, na mfasiri aandike pembeni usomaji mwingine, asiusahihishe. Kisha hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, ikitaja maandishi yote mawili, herufi, namba za pasipoti na tarehe ya kuzaliwa, na kueleza kuwa ni mtu mmoja. Hati ya kubadili jina haihitajiki, kwani jina halijabadilika, hata kama aliyekaa nje ya ofisi na mashine ya kuchapa amekwambia vingine.

Usifute wala kupaka wino mweupe, na usiongeze "a" kwenye Chen iwe Chan ili ilingane na ankara, hata kama herufi ni ileile. Waliofanya hivyo kwa nia njema waligeuza faili la tafsiri kuwa faili la polisi. Chini ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kughushi nyaraka kunaweza kumfikisha mtu kifungo cha miaka 7, na kiapo cha uongo nacho ni kosa. Aliyeagiza mabadiliko hayo naye huitwa, hata kama kalamu haikuwa mkononi mwake.

Ukiwa bado na shaka, mpigie mwenyewe umwombe akutumie picha ya jina lake kwa herufi. Hatashangaa, Wachina huulizana swali hilo kila siku. Barua zinazofika na picha hiyo tunazijibu kwanza.