Vichupa vya makaburi ya Kirumi havikuwa vya machozi

Vile vichupa vyembamba vya udongo au kioo vinavyofukuliwa katika makaburi ya enzi za Warumi vimeitwa kwa muda mrefu "vya machozi": eti wafiwa walilia humo, kisha marehemu akazikwa navyo. Zaburi 56:8, inayotaja machozi kutiwa chupani, iliipa imani hiyo nguvu. Hesabu inakataa. Tone ni kama mililita 0.05, kwa hiyo kichupa cha mililita 50 kingetaka matone 1,000.

Ushahidi umo ukutani mwa chombo. Udongo uliochomwa hunyonya mafuta. Hukwanguliwa gramu moja au mbili upande wa ndani, unga ukalowekwa kwenye kiyeyushi, kisha kemikali zikatenganishwa kwa mashine. Yameshapatikana mafuta, utomvu wa miti na nta ya nyuki, yaani mabaki ya marashi. Kuosha kichupa huweza kuondoa ushahidi. Mfuko wa plastiki huuchafua. Chukua pia udongo wa kaburi lenyewe kwa kulinganisha.

Tazama na alama za moto, kwani ndizo zinazosema mengi kuhusu mazishi. Kichupa cha kioo kilichoyeyuka kilichomwa pamoja na maiti. Kilicho kizima kando ya majivu kiliwekwa baadaye, wakati wa kuzika.