Ambidekstre na reversibule haiko kintu moya

Ambidekstre ni hivi: butoni ao levye ya pistole iko pande zote mbili kwa wakati moya, mutu wa kuume na goshe (mutu wa mukono wa kushoto) banaitumia bote bila kufungua hata visi moya. Njo ile, imeisha. Lakini hapa kwetu Lubumbashi, ku nganda, mu atelye, mu mabishano ya bale vijana banachezaka bunduki ku telefone usiku muzima, ile neno inapachikwa ku kila pistole yenye butoni inaweza kutoka upande huu ikaenda upande ule. Mi ni ajistere, kazi yangu ni kuona chuma inakaa wapi na inakamata nini, na siwezi kunyamaza tena, juu ile kintu ingine iko na jina yake: reversibule.

Kamata pistole ya kawaida mu akili (mu akili tu, yaya). Mukono wa kuume ukiishika, gumba inalala upande wa kushoto ya chuma. Pale njo batengenezaji baliweka karibu kila kintu: butoni ya kutosha shargeri (sanduku ndogo ya masasi), levye ya kuzuia kulasi, ile chuma ya juu yenye kutembea nyuma na mbele, na sekirite (levye yenye kuzuia silaha isipige) kama iko. Sababu haiko ya kutafuta mbali, bagoshe ni kama 10 ku kila batu 100, na mutu anatengeneza kwanza kwa bale bengi. Goshe akiishika, gumba yake inaangukia upande wa kuume, fasi hakuna kintu.

Kumusaidia ule goshe kuko njia mbili, na hapa njo batu banachanganya.

Njia ya kwanza, unaweka levye mbili, moya kila upande, zinaungana na ekse inapita ndani ya chuma, ukisukuma hii na ile inatembea. Ile ni ambidekstre. Njia ya pili, levye ao butoni inabakia moya tu, ila armurye, fundi wa silaha, anaweza kuitosha, anaigeuza, anairudisha kwa upande ingine. Ile ni reversibule, ni ya kugeuzwa. Tofauti inaonekana ndogo mupaka siku pistole inatoka mu mikono ya mutu moya inaingia mu mikono ya mungine. Polisi wa zamu ya usiku ni goshe, butoni yake imegeuzwa, asubuhi anamuachia mwenzake wa kuume silaha ile ile. Mwenzake anafinya na gumba fasi amezoea, hakuna butoni. Iko upande ingine. Kwa hiyo reversibule haikuondoa shida, iliihamisha tu kwa mutu mungine. Na hata mutu moya peke yake, akiumia mukono wake wa nguvu akalazimika kutumia ule mungine, ambidekstre inamungojea, reversibule inamukuta na butoni upande mubaya.

Mufano yenye kusumbua sana ni pistole ya Glock. Gen4, kizazi yake ya ine, ilitoka mu mwaka 2010 na butoni ya shargeri ya kugeuzwa, na tangu siku ile batu banaimba "ambidekstre, ambidekstre". Hapana. Butoni ni moya. Angalia sasa kintu kidogo chenye bengi hawaangaliake: ku ubavu ya shargeri kuko tundu, jino ya butoni inaingia mule, njo inakamata shargeri isianguke. Shargeri za Gen4 bazikata tundu pande mbili. Zile za zamani, za Gen3 kurudi nyuma, tundu yao iko upande moya tu. Sasa goshe anageuza butoni, anafurahi, anachukua shargeri ya zamani ya rafiki, anaiingiza, anasikia inagusa juu, anaachilia mukono, shargeri inateremuka inaanguka chini. Anasema pistole imeharibika. Haikuharibika, jino inatafuta tundu fasi haikukatwa. Kama butoni ingekuwa ambidekstre ya kweli, hakuna mutu angewaza ile habari. Gen5 ya mwaka 2017 iliongeza levye ya kulasi pande zote mbili, ile sawa, ile ni ambidekstre, lakini butoni ya shargeri ilibakia ya kugeuzwa. Pistole moya, maneno mbili, kila moya na fasi yake.

Na juu tuko Congo, tuseme kidogo GP (Grande Puissance), pistole ile Bazungu banaitaka Browning. John Browning, mwenye kuianza, alikufa mu 1926, Dieudonné Saive wa FN, kampuni ya silaha ya Belgique, njo aliimaliza, na kiwanda ya Herstal, pembeni ya Liège, iliitosha mu 1935. Ku ile ya mwanzo sekirite iko kushoto, ndogo sana, hata batu ya kuume balilalamika. Mu miaka ya 1980 FN ikaweka sekirite pande mbili, na mara moya mabingwa bakasema GP imekuwa ambidekstre. Sekirite yake, ndiyo. Butoni ya shargeri ilibakia kushoto, levye ya kulasi vile vile. Kwa hiyo ukisema "pistole ambidekstre", mi nitauliza paka: levye gani? Juu neno hii ni ya levye, haiko ya pistole muzima, labda kama yote tatu iko pande mbili.

Badeutsche ba Heckler & Koch balifanya nayo kintu inafundisha muzuri, pistole USP ya 1993. Levye ya kutosha shargeri iko nyuma ya chuma yenye kuzunguka gasheti (ile kidole inavuta kwa kupiga), unaisukuma chini, kushoto na kuume sawa: ambidekstre. Levye ya sekirite, armurye anaweza kuitosha kushoto akaiweka kuume: reversibule. Levye ya kulasi: kushoto tu, goshe ajitegemee. Bintu bitatu tofauti ku silaha moya, na batu banabishana kama iko "ya goshe" ao haiko.

Ya goshe ya kweli ni kintu ingine tena. Mu miaka ya 1980 kampuni Randall ya California ilikamata mupango ya pistole Colt 1911 ikaigeuza yote kama mu kioo, mupaka maganda ya masasi yanaruka kushoto. Charter Arms nayo iko na revolveri inaitwa Southpaw, silinda yake, ile yenye kubeba masasi, inafunguka kuume, wakati za kawaida zinafunguka kushoto. Ile haiko ambidekstre hata kidogo, mutu wa kuume akiikamata njo yeye anakuwa goshe.

Kuko na kintu ingine ninasikiaka mara chache. Bagoshe bengi bazoefu hawaombe kintu. Kidole chao cha gasheti kinalala upande wa kushoto, pembeni kabisa ya butoni, banaifinya na kile kidole bila kugeuza mukono, na balimu bengi ba kupiga banasema ni haraka kupita gumba ya mutu wa kuume. Fasi banateseka kweli ni ku sekirite, juu ile kidole haifikake muzuri. Kwa hiyo ukiwa na franka ya levye moya tu, weka ku sekirite, na iwekwe na armurye na pyese ya kiwanda, haiko mutu na limu mu parselle; sekirite yenye kucheza nusu milimetre ni mubaya kupita kukosa levye.

Basi bandugu, Gen4 muendelee kuisifu, ni pistole muzuri, ila museme butoni yake ni reversibule. Ku Gen5 muongeze: levye ya kulasi ni ambidekstre. GP ya miaka ya 1980: sekirite ambidekstre, bingine hapana. Na mutu akiwauliza kama pistole fulani ni ambidekstre, mumurudishie kwanza ulizo: levye gani?