Chumvi haiungui, ni elektroni zinazoruka

Jioni za Juni hapa Mbeya, baridi hutukusanya jikoni. Maharage yenye chumvi yakifurika, moto wa gesi uliokuwa wa buluu hugeuka njano ghafla, na utasikia mtu akisema, "Chumvi inaungua." Hapana, haiungui.

Chumvi ina sodiamu. Joto hugeuza chumvi kidogo kuwa mvuke na kuachia atomi za sodiamu. Atomi hizo zikigongwa na chembe za moto, elektroni ya nje kabisa (chembe ndogo inayozunguka kiini cha atomi) hupokea nishati, ikaruka ngazi ya juu ya nishati. Haikai huko. Baada ya kama nanosekunde 16 (nanosekunde ni sehemu ya bilioni ya sekunde) hushuka, na nishati ile inatoka ikiwa mwanga wa njano wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589 hivi.

Kosa jingine, ambalo hunisumbua zaidi, ni kudhani kwamba elektroni hupanda polepole kama lori linavyopanda mlima Kitonga. Lori hupita kila hatua ya mlima, na linaweza kusimama popote. Elektroni haina pa kusimama kati ya ngazi mbili. Mwanafizikia wa Denmark, Niels Bohr, alilieleza hili mwaka 1913. Mwanga wenye nishati pungufu ya pengo la kati ya ngazi hizo haumezwi na atomi, unapita tu.

Ndiyo maana ukipunguza gesi, njano hufifia lakini haigeuki kuwa nyekundu. Potasiamu, ambayo ngazi zake zimeachana kwa nafasi nyingine, huutia moto huohuo rangi ya zambarau hafifu.