Je, wajua kwa nini kuna kipande cha hifadhi Marekani ambako kesi ya mauaji inaweza kukosa watu wa kuiamua?

Kuna stori inazunguka sana mitandaoni kwamba ndani ya hifadhi ya Yellowstone kule Marekani kuna eneo ukiua mtu hakuna sheria inayokugusa, unakunja hema lako unarudi zako nyumbani. Wameipa na jina kabisa, eneo la kifo. Watu wanashea ramani, na chini yake wengine wanabisha kwamba huo ni uongo mtupu, haiwezekani nchi yenye mawakili wengi vile iache tundu kubwa namna hiyo. Pande zote mbili zimekosea, na ukweli wenyewe ni mtamu kuliko hiyo stori, maana hapo maneno machache ya katiba ya miaka ya 1700 yalikutana na mistari ya ramani ya miaka ya 1800 yakazaa kitu ambacho hakuna mtu aliyekipanga.

Aliyelianika jambo hili ni Brian Kalt, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Michigan State, kwenye makala aliyoichapisha mwaka 2005 katika jarida la sheria la Georgetown. Hakuwa anafundisha watu kuua. Kazi ya wasomi wa sheria kule ni pamoja na hii, kuchukua katiba neno kwa neno na kuuliza ni wapi haifungi, halafu kupiga kelele kabla mtu mbaya hajafika pale, na Kalt aliwaandikia Wizara ya Sheria na wabunge mapema, kabla makala haijatoka.

Sasa tuanze na ile stori, kwa sababu imeharibika sana njiani.

Kwanza sio Yellowstone nzima. Hifadhi ina karibu kilomita za mraba 8,980, na asilimia kama 96 iko jimbo la Wyoming, 3 Montana, na 1 Idaho. Tatizo kubwa liko kwenye hiyo 1 ya Idaho, kama kilomita za mraba 130 hivi, msitu na mito, haina hata mkazi mmoja.

Pili, na hapa ndo watu wengi wanapopotea, sheria pale ipo. Tena ipo sana. Sheria za jinai za serikali kuu ya Marekani zinafanya kazi kwenye kila mti wa hifadhi ile, kuua ni kuua, kubaka ni kubaka, askari wa hifadhi wana silaha na pingu na watakukamata, utawekwa ndani, mwendesha mashtaka ataandika hati ya mashtaka na jaji yupo. Hakuna kinachokosekana kwenye mnyororo ule isipokuwa pingili moja tu, juri, yaani wale raia wa kawaida 12 wanaosikiliza ushahidi na kuamua kama una hatia au huna. (Msomaji wa Tanzania asiwachanganye na wazee wa baraza wa Mahakama Kuu, wale wanatoa maoni tu na jaji halazimiki kuyafuata, ila kwa juri wa Marekani uamuzi wa hatia ni wao.)

Tatu, juri lenyewe halihitajiki kwa kila kosa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaweka mstari mwaka 1970, kwamba haki ya juri inadaiwa pale adhabu inapoweza kuzidi miezi 6. Makosa ya chini ya hapo yanaisha mbele ya hakimu peke yake, na Yellowstone ina hakimu wake pale Mammoth Hot Springs. Kwa hiyo anayedhani anaweza kwenda kule kuvua samaki bila kibali au kumpiga mtu kibao halafu akadai katiba, atashangaa.

Nne, ukipanga kabla umejimaliza. Mkikubaliana wewe na mwenzio kumuua mtu, kule kupatana kwenyewe tayari ni kosa, njama, na kesi ya njama inaweza kufunguliwa popote ambapo hatua mojawapo ya ule mpango ilifanyika, mfano mji wa Montana mlikonunua bunduki. Ukimteka mtu sehemu nyingine ukampeleka pale, utekaji ulianzia kule ulikomchukua. Na hata kama jinai ikikwama, familia ya marehemu bado inaweza kukudai fidia, maana kesi za madai hazina lile sharti la juri la mahali.

Kwa hiyo muuaji mwenye hesabu kali anayesafiri kwenda kutumia tundu la sheria ni mtu wa sinema, na ndo huyo mitandao inampenda. Tundu lenyewe linamkaa vizuri zaidi mtu mwingine kabisa, yule ambaye hakupanga chochote, watu wawili wako kambini wanagombana usiku mmoja anamjeruhi mwenzie vibaya au anamuua, au mwanamke anashambuliwa na mtu aliyekutana naye njiani, kosa limeanza pale na kuisha pale pale. Mimi hili ndo linaloniuma kwenye habari hii nzima, kwamba wote tunamjadili mkosaji mjanja wakati anayebaki mikono mitupu ni aliyeumizwa.

Haya, kwa nini juri likose?

Katiba ya Marekani inagusa suala hili mara mbili. Ibara ya tatu inasema kesi ya jinai isikilizwe ndani ya jimbo ambalo kosa limetendeka. Halafu Marekebisho ya Sita, yaliyopitishwa mwaka 1791, yakaongeza kwamba juri litoke kwenye jimbo na wilaya ambako kosa limetendeka, tena wilaya hiyo iwe imeshawekwa na sheria kabla. Wilaya hapa maana yake ni eneo la mahakama ya serikali kuu. Lilete neno "na" karibu uliangalie vizuri, halijasema jimbo au wilaya. Lazima vyote viwili.

Chukua ukoo mmoja uliojiwekea utaratibu wa kusuluhisha ugomvi wa ndoa. Wamekubaliana kwamba mzee wa kusikiliza shauri lazima awe na sifa mbili, awe ndugu wa damu wa mke, ili mke asionewe, na awe anaishi kijiji kile kile wanakoishi wanandoa, ili awe anawajua. Utaratibu mzuri tu, na miaka yote umefanya kazi kwa sababu watu walikuwa wanaoana jirani, wajomba wa mke wako nyumba ya tatu, wa kuita wapo wengi. Siku moja kijana anaoa binti wa mbali, anamleta kijijini, ugomvi unatokea, wanaanza kutafuta mzee. Ndugu wa mke wapo tele ila wote wako kwao mbali, sifa ya kwanza wanayo ya pili hawana. Wazee wa kijijini wamejaa barazani ila hakuna hata mmoja wa damu ya mke, ya pili wanayo ya kwanza hawana. Hapo hakuna aliyekataa kusuluhisha na wala hakuna aliyevunja utaratibu, kila sharti ukilitazama peke yake lina watu wa kutosha, ni yanapokutana pamoja ndo hakuna mtu amesimama pale.

Rudi Yellowstone. Hakuna wilaya ya mahakama ya serikali kuu Marekani inayochukua ardhi ya zaidi ya jimbo moja, isipokuwa moja tu, Wilaya ya Wyoming, ambayo sheria imeipa jimbo lote la Wyoming pamoja na vile vipande vya hifadhi vilivyoko Montana na Idaho. Kosa likitokea kwenye kipande cha Idaho, jimbo ni Idaho, wilaya ni Wyoming. Juri linatakiwa watu wanaoishi Idaho na papo hapo ndani ya Wilaya ya Wyoming. Sehemu hiyo ni zile kilomita za mraba 130 tu, na wakazi wake ni sifuri.

Ilifikaje hapo? Kwa haraka tu, hifadhi ilianzishwa mwaka 1872, kabla majimbo yale hayajazaliwa, Montana ikaja 1889, Wyoming na Idaho 1890, na mipaka ikapita juu ya hifadhi. Mwaka 1894 jangili mmoja alikamatwa akiwa amechinja nyati ndani ya hifadhi, na ikagundulika hakuna sheria ya kumfunga, zaidi ya kumfukuza tu. Bunge likakasirika, na ndani ya miezi michache likapitisha sheria iliyoiweka Yellowstone yote chini ya serikali kuu peke yake na kuiunganisha na wilaya ya Wyoming, ili pawe na mahakama moja isiyo na utata. Yaani haya maunganisho yalifanywa kuziba pengo la sheria, na pengo lile kweli liliziba, nyati wakapata ulinzi.

Na lile sharti la juri la nyumbani nalo lina sababu nzito. Mwaka 1769 Bunge la Uingereza lilitaka watu wa koloni lake la Massachusetts wapelekwe Uingereza kushtakiwa kwa uhaini, ng'ambo ya bahari, mbele ya watu wasiowajua, na malalamiko hayo yaliingia hadi kwenye Tangazo la Uhuru la 1776. Kwa hiyo jaji anayetaka kulipuuza ili tu amfunge mtu mmoja mbaya anagusa kitu ambacho Wamarekani walikipigania vita.

Watu huwa wanauliza, si wachukue tu juri la Wyoming maisha yaendelee? Inawezekana jaji akafanya hivyo, akasema waandishi wa katiba hawakukusudia muuaji aachiwe kwa sababu ya ramani, na sitashangaa ikitokea. Ila maneno ya Marekebisho ya Sita yako wazi, na majaji wengi wa sasa wa Mahakama ya Juu ndo hao wanaosisitiza maandishi yasomwe kama yalivyo. Si basi Idaho ishtaki yenyewe kwenye mahakama zake? Haiwezi, mamlaka ya pale ni ya serikali kuu tu. Si wabadilishe mipaka ya wilaya baada ya kosa? Lile sharti la wilaya kuwekwa kabla linasimama mlangoni. Si wapeleke watu 12 wakaishi msituni? Hilo jibu binafsi naliona baya kuliko ugonjwa, serikali inayokushtaki ndo ichague nani awe jirani yako.

Juni 2023 Mahakama ya Juu, majaji wote kwa pamoja, waliamua kesi ya mtu wa Alabama aliyeshtakiwa kaskazini mwa Florida kwa kuiba siri za biashara mtandaoni. Walisema kesi ikisikilizwa mahali pasipo sahihi mbele ya juri lisilo sahihi, dawa ni kuirudia mahali sahihi, mshtakiwa haendi bure moja kwa moja. Wengine wanasoma hapo kwamba eneo la kifo limekufa. Mimi sidhani, maana kwenye kesi ile ya Florida mahali sahihi pa kurudia palikuwepo, na kwenye kipande cha Idaho shida yote ni kwamba hapo mahali sahihi hapana watu.

Karibu zaidi kilichowahi kufika mahakamani ni kesi ya mnyama. Mwaka 2005 mwindaji mmoja alimpiga risasi kulungu dume mkubwa kwenye kipande cha Montana, akashtakiwa Wyoming, na utetezi wake ukatumia hoja za makala ya Kalt, kwamba anastahili juri la watu wa kipande kile cha Montana, ambako angalau wapo wakazi wachache. Jaji aliikataa hoja. Halafu mwaka 2007 mshtakiwa akakubali kosa kwa makubaliano na upande wa mashtaka, na sharti mojawapo likawa asikate rufaa kwa hoja hiyo. Tazama hapo vizuri, serikali ilikuwa imeshinda, na bado ikahakikisha suala halifiki mahakama ya juu zaidi. Kwa hiyo hakuna uamuzi wa rufaa unaotwambia tundu lipo au halipo, na kila anayekwambia kwa uhakika kwamba utaachiwa au utafungwa anabahatisha.

Cha ajabu ni jinsi dawa ilivyo ndogo. Kalt aliitaja tangu mwanzo, toa kipande cha Idaho kwenye wilaya ya Wyoming kiunganishe na Wilaya ya Idaho, sentensi moja tu kwenye kifungu kinachopanga wilaya, na siku hiyo hiyo juri linaweza kutoka Idaho yote. Haihitaji kugusa katiba wala kujenga jengo jipya la mahakama. Lakini miaka 17 baada ya makala kutoka tundu lilikuwa bado wazi, mpaka mwaka 2022 mbunge wa bunge la jimbo la Idaho, Colin Nash, akaleta azimio la kuliomba Bunge la Marekani lilifunge. Ni ombi tu, kwa sababu mipaka ya wilaya hizo inapangwa Washington na jimbo halina kalamu yake.